Ukisema "Namshukuru Mungu," Sema na Unapoumia

Kama mtoto yuko titini au maharagwe yako jikoni, usiache kazi yako. Tega sikio tu, nasi tutakwenda pamoja polepole.

Leo tutazungumza juu ya shukrani na kufanywa upya. Najua utasema, "Sista, hayo si ya mhubiri?" Ni ya mhubiri, na ni ya muuguzi pia. Ngoja nikueleze kwa nini.

Katika kliniki ya mama na mtoto, salamu huja kabla ya mizani. Nikimwuliza mama, "Habari yako?" mara nyingi hunijibu, "Nzuri, sista. Namshukuru Mungu." Jibu hilo tumelirithi kwa wazazi wetu, nalo ni jibu jema. Mtu anayemkumbuka Mungu hata kwenye foleni ya chanjo ana hazina. Lakini mama huyo huyo anaweza kuwa na homa tangu juzi. Anaweza kuwa anatokwa na damu nyingi na kuificha kwa leso mbili. Anaweza kuwa hajapata usingizi kwa wiki mbili. Hasemi, kwa sababu anaona kulalamika ni kukosa shukrani. Amejifungua salama, mtoto yu hai, na jirani yake anatafuta mtoto mwaka wa saba bila kupata. Yeye ni nani hata aseme anaumia?

Hapo ndipo neno jema linapoweza kumdhuru anayelisema. Kwa hiyo leo nataka tuelewane jambo moja: shukrani ya kweli haikutaki ufiche ugonjwa. Mungu unayemshukuru anajua tayari unapoumia. Wasiojua ni sisi: muuguzi, mume, mama mkwe na jirani. Usipotuambia, hatuwezi kukusaidia.

Wakoma kumi walianza kwa kulia

Unaikumbuka habari ya wakoma kumi katika Injili ya Luka, sura ya 17. Huwa tunahubiriwa juu ya yule mmoja aliyerudi kushukuru, Msamaria, na wale tisa tunawasema. Lakini hebu tuianze habari hiyo mwanzo.

Kwanza, wote kumi walipaza sauti. Walisimama mbali, wakalia wahurumiwe. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Sisi hatujambo." Pili, Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Katika sheria ya Musa, kitabu cha Walawi, kuhani ndiye aliyekagua ngozi ya mgonjwa na kusema kama amepona au bado. Kwa hiyo walitumwa kwenda kukaguliwa. Tatu, walipokuwa njiani walitakasika, na mmoja akarudi akishukuru kwa sauti kubwa.

Angalia mpangilio huo: kulia, kukaguliwa, kushukuru. Msamaria yule hakuwa na imani ndogo kwa sababu alianza kwa kulia. Sauti aliyoitumia kuomba msaada ndiyo hiyo hiyo aliyoitumia kushukuru. Nawe ukija kliniki ukasema, "Sista, namshukuru Mungu kwa mtoto, lakini mimi mwenyewe siko sawa," hujamkosea Mungu.

Mama wa wiki sita

Nikupe mfano. Mama mmoja kijana alileta mtoto wake kwa chanjo ya wiki sita. Jina lake na kijiji chake nayaacha. Nilimsalimia, akanijibu kama kawaida. Mtoto alikuwa safi, amefunikwa vizuri, lakini mama hakuwa akimtazama. Nikamwuliza mara ya pili: "Na wewe mwenyewe, usiku unalala?" Alinyamaza, kisha machozi yakaanza kushuka.

Alisema mtoto akilala yeye hubaki macho akitazama mabati hadi alfajiri. Chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Alikuwa amewaza kwamba mtoto angelelewa vizuri zaidi na mtu mwingine, yeye akiwa hayupo. Alikuwa amemweleza mwenzake mmoja wa ushirika wa akina mama, akaambiwa aombe zaidi na ahesabu baraka zake. Basi akazihesabu. Na kila alipozihesabu alijiona mwovu zaidi, kwa maana baraka anazo na furaha hana.

Mama huyo hakuwa mwovu, wala hakupungukiwa na imani. Alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wake hospitalini tunauita dipresheni. Vitabuni utakuta neno sonona. Huwashika akina mama wengi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba duniani kote, kati ya wanawake 100 waliojifungua karibuni, karibu 13 hupata ugonjwa wa akili, hasa dipresheni. Katika nchi zinazoendelea idadi hiyo hufika karibu 20 kati ya 100, yaani mmoja kati ya kila watano. Ukikaa kwenye benchi la kliniki, hesabu akina mama waliokaa pamoja nawe, utaelewa ninachosema.

Kuna tofauti ambayo kila nyumba inafaa kuijua. Siku chache baada ya kujifungua, akina mama wengi hulia ovyo, hukasirika upesi na kuwa na wasiwasi. Hali hiyo ni ya kawaida, na kwa msaada wa nyumbani huisha yenyewe kabla ya wiki mbili kwisha. Lakini ikipita wiki mbili, au ikizidi kuwa nzito, huo ni ugonjwa na unatibiwa. Jiulize, au mwulize mwenzako, maswali haya mawili:

1. Katika wiki mbili zilizopita, nimekuwa na huzuni au kukata tamaa siku nyingi?
2. Katika wiki mbili zilizopita, mambo niliyoyapenda yamekosa ladha kwangu?

Jibu likiwa ndiyo, hata kwa swali moja, nenda kituo cha afya uelezee hivyo hivyo. Tiba ipo: kuzungumza na mshauri, msaada wa nyumbani, na dawa inapohitajika. Ziko dawa ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia, mhudumu atakuchagulia. Na mama akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kuona vitu visivyokuwepo au kuchanganyikiwa kabisa, huo ni ugonjwa wa dharura. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake na mtoto.

Kama wazo la kujiua au la kumdhuru mtoto limekujia, usibaki peke yako hata kwa saa moja. Mwambie mtu aliye karibu, au piga laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199. Usinyamaze kwa kuogopa polisi. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa hatia kinapingana na Katiba. Mtu wa namna hiyo anahitaji matibabu na kukaliwa karibu.

Yule mama kijana alitibiwa. Mama mkwe alipoelezwa kwamba ni ugonjwa, alifunga safari akaja kukaa naye, akimpokea mtoto usiku ili mama apate kulala. Ilichukua miezi. Siku alipopeleka sadaka ya shukrani kanisani, alikuwa na mengi ya kushukuru na hakulazimika kuficha hata moja.

Eliya alipewa chakula kwanza

Sasa tuje kwenye kufanywa upya. Wengi wetu hudhani kufanywa upya ni jambo la roho peke yake, na kwamba mwili utafuata. Soma Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii Eliya alikuwa ametoka katika kazi kubwa mlimani Karmeli. Yezebeli akamtisha kumwua, naye akakimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Mtu wa Mungu, mwenye imani ya kushusha moto, aliomba afe!

Mungu alimfanyia nini? Hakumkaripia, wala hakumwambia ahesabu baraka. Alimwacha alale. Kisha malaika akamwamsha, na hapo palikuwa na mkate juu ya makaa na chombo cha maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akamwamsha mara ya pili ale, kwa kuwa safari iliyokuwa mbele yake ilimzidi nguvu. Baada ya hapo ndipo alipotembea siku 40 hadi mlima Horebu, na huko ndiko Mungu alikozungumza naye kwa upole.

Usingizi, chakula, maji, kisha mazungumzo. Mama, kama nabii alifanywa upya kwa njia hiyo, mbona wewe unataka kufanywa upya ukiwa na njaa na macho mekundu? Basi tuyafanye haya:

Kwanza, kula. Mama anayenyonyesha anahitaji milo miwili midogo zaidi ya ile aliyoizoea. Si lazima iwe nyama. Uji wa wimbi wenye maziwa, ndengu, omena, yai, sukuma wiki na terere, ndizi au papai vinafaa sana. Kunywa maji kila unaponyonyesha. Usiwe mtu wa kukwangua sufuria baada ya wote kula. Na kama ulipewa vidonge vya kuongeza damu, vimalize.

Pili, lala. Mtoto akilala mchana, lala naye, vyombo vitangoja. Baba anaweza kumpokea mtoto baada ya kunyonya, amcheulishe na kumbembeleza. Amri ya Sabato, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5, inawataja watumishi, tena inamtaja ng'ombe na punda. Kama Mungu alikumbuka mapumziko ya punda, je, atakasirika mama akilala saa moja?

Tatu, sema. Mchague mtu mmoja unayemwamini ambaye utamjibu "habari yako" kwa ukweli wote.

Dalili zisizongoja Jumapili

Kuna maumivu ya mwili ambayo hayangoji ibada wala maombi ya usiku. Maombi yafanywe njiani kwenda hospitalini. Baada ya kujifungua, ukiona dalili yoyote kati ya hizi, nenda mara moja, iwe mchana au usiku:

- Damu nyingi, hata pedi moja inalowa kabisa kwa muda wa saa moja.
- Homa au kutetemeka kwa baridi.
- Uchafu wenye harufu mbaya ukeni, au tumbo kuuma sana.
- Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, au kifafa.
- Kushindwa kupumua vizuri, au maumivu ya kifua.
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma.
- Titi kuwa jekundu, gumu na lenye maumivu, pamoja na homa.

Hata usipoona dalili, usiache kurudi kliniki. Kijitabu chako cha mama na mtoto kinaonyesha siku za kukaguliwa baada ya kuzaa: ndani ya saa 48, kisha wiki ya kwanza au ya pili, kisha wiki ya nne hadi ya sita. Siku hizo ni zako wewe pia, hata kama mtoto ndiye anayedungwa sindano. Ukikaguliwa ukaambiwa uko salama, hapo una jambo la hakika la kushukuru.

Nyanya na walezi wengine

Sikumsahau nyanya anayelea wajukuu, wala dada anayemwuguza mzazi kitandani. Nanyi mmezoea kusema, "Tunashukuru, tunasukuma siku." Nawasihi mjiangalie. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Mtu anatembea nalo miaka, siku moja anaanguka upande mmoja ukiwa umepooza. Mwombe mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu akupime. Tangu Septemba 2023 serikali ilipowagawia wahudumu hao mikoba ya vifaa, wengi wao wana mashine ya kupima shinikizo la damu hapo hapo nyumbani.

Na jambo hili nalisema kwa heshima yote. Wapo walioombewa, wakajisikia vizuri, wakatoa ushuhuda na kuacha dawa. Kwa shinikizo la damu, kisukari, kifafa au Ukimwi, kujisikia vizuri mara nyingi ni kazi ya hizo dawa. Wakoma kumi waliambiwa waende wakakaguliwe. Nawe ukiamini umepona, endelea na dawa, nenda upimwe, na daktari ndiye aseme. Mtume Paulo mwenyewe, akiwaandikia Wakolosai, alimtaja Luka kuwa tabibu anayempenda. Kumeza dawa na kumshukuru Mungu havigombani.

Namna ya kushukuru kila siku

Shukrani yenyewe ni nzuri kwa afya. Mnamo mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha matokeo ya utafiti ambamo baadhi ya wanafunzi waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi, mambo wanayoyashukuru, hadi mambo matano. Wenzao waliandika yaliyowasumbua. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi. Lakini kumbuka, hiyo haikuwa tiba ya dipresheni. Chumvi hutia chakula ladha. Mwenye njaa haponi kwa chumvi peke yake.

Kwa hiyo nakupa zoezi la jioni, la dakika tatu, ukiwa peke yako au na watu wa nyumbani. Sema mambo matatu. La kwanza, jambo moja dogo la leo unalolishukuru, na ulitaje kwa jina lake: mtoto alinyonya vizuri, jirani alikuletea kuni, mvua ilinyesha kwenye mahindi. La pili, jambo moja linalokuuma leo. La tatu, mtu mmoja utakayemwambia hilo linalokuuma. Usiliruke la pili kwa sababu umelisema la kwanza.

Kitabu cha Maombolezo kinafundisha hivyo. Katika sura ya 3, mwenye kulia analia aya baada ya aya juu ya mateso yake, wakati Yerusalemu umebomolewa. Katikati ya kilio hicho ndipo anapokumbuka kwamba huruma za Mungu hazijaisha, na kila kukicha zinaanza upya. Hakungoja machozi yakauke ndipo aseme hivyo, wala baada ya kusema hakuacha kulia.

Kwa baba, mama mkwe na ndugu wa kanisani

Ukimtembelea mama aliyejifungua, usimtazame mtoto peke yake. Peleka uji, fua nepi, chota maji, kisha uliza swali la pili. Swali la kwanza ni "Habari yako?" na jibu lake unalijua. La pili ni "Na wewe mwenyewe unaendeleaje? Unalala? Unakula?" Ukiuliza, nyamaza usikilize. Akilia, usimwambie kwamba wengine wana shida kubwa kuliko yake. Mwambie, "Twende kituo cha afya, nitakusindikiza." Nauli ya boda boda uliyomlipia mgonjwa ni sadaka pia.

Mpendwa mama, mpendwa mlezi, wiki hii ukiulizwa habari, endelea kumshukuru Mungu. Kisha ongeza sentensi moja ya kweli juu ya mwili wako au moyo wako, umwambie mtu anayeweza kukusaidia. Mwenye maswali aende kwenye kituo cha afya kilicho karibu naye, au amwite mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake.

Tukutane tena katika mazungumzo yajayo. Kula vizuri, lala ukipata nafasi, na Mungu akutie nguvu mpya. Kwaheri.